Skarabu za fayansi za Misri ya kale: maswali mnayouliza kila siku

Maswali kuhusu hizi skarabu ni yale yale kila mara, so nimeyaweka yote sehemu moja. Ukiwa na haraka ruka mpaka lile la maiti na lile la kununua, hapo ndo watu wengi wanapopotea.

Skarabu ni nini hasa?

Ni hirizi ndogo yenye umbo la mbawakawa, yule mdudu mweusi anayeviringisha mavi ya ng'ombe. Juu kuna mgongo wake, kichwa, mabawa yamefungwa, pembeni miguu. Chini pako bapa na mara nyingi pamechorwa au kuandikwa kitu. Halafu kuna tundu linapita toka kichwani mpaka nyuma, la kupitishia uzi au waya wa pete. Nyingi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, sentimita moja na nusu hivi, mbili. Ukiziona kwenye picha zimekuzwa unafikiri ni kitu cha kushika kwa mikono miwili.

Sasa jamani, miungu yote ile, kwanini wakachagua mdudu wa mavi?

Swali zuri na jibu lake ni zuri zaidi. Mmisri wa kale alikuwa mkulima au mfugaji, huyu mdudu alikuwa anamwona kila siku. Anakata kipande cha mavi, anakifanya duara safi kabisa, anageuka kichwa chini na kuanza kukisukuma kwa miguu ya nyuma, anavuka mchanga juani mpaka anapata pa kukifukia. Anapotea chini. Baada ya muda, pale pale ardhini anatoka mbawakawa mpya, mzima, anang'aa. Kwa macho ya mtu ambaye hajachimba kuangalia kinachoendelea chini, huyu mdudu amejizaa mwenyewe.

Wakaunganisha na jua: nalo ni duara, nalo linasukumwa na kitu usichokiona toka mashariki mpaka magharibi, linazama chini, kesho linatoka upya. Jua la asubuhi wakalipa jina Khepri na kumchora kama mbawakawa, au mwanamume ambaye kichwa chake chote ni mbawakawa. Na kwenye maandishi yao alama ya mbawakawa inasomeka kheper, yaani kuwa, kutokea. Kwa hiyo ukivaa skarabu ulikuwa umevaa picha na neno kwa pamoja, kitu kinachosema "kutokea upya".

Plutarch, Mgiriki aliyeandika zama za Warumi, anasema kabisa kwamba mbawakawa hawa hawana majike, wote ni madume. Sio kweli, majike wapo, na ndio wanaotaga. Mfaransa Jean-Henri Fabre alikuja kuwafuatilia kwa uvumilivu wa ajabu karne ya 19, akaonyesha kwamba lile duara linaloviringishwa mara nyingi ni chakula tu cha mdudu mwenyewe, yai linawekwa kwenye donge jingine lenye umbo la peasi ambalo jike analitengeneza huko huko chini. Ila kuhusu anga Wamisri hawakuwa mbali. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba jamii moja ya mbawakawa hawa kule Afrika Kusini wanajielekeza usiku kwa kutumia mwanga wa Njia ya Maziwa angani, na mchana wanatumia jua. Mdudu wa jua kweli kweli.

Fayansi ndio nini? Ni udongo?

Sio udongo, ingawa kila mtu anaiita hivyo, hata waongoza watalii. Mfinyanzi anatumia udongo wa mfinyanzi, huyu wa fayansi alikuwa anatumia mchanga au mawe ya kwatzi yaliyosagwa mpaka unga, asilimia tisini na zaidi ni hiyo silika (madini ya mchanga na kwatzi), halafu chokaa kidogo, chumvi ya magadi kidogo au majivu ya mimea, na shaba kwa ajili ya rangi. Ikichomwa inatoka na ngozi ya kioo juu yake yenyewe. Kwa hiyo iko katikati ya kauri na kioo, haiko kamili upande wowote. Jina lenyewe fayansi ni la Wazungu, walikopa toka vyombo vya mji wa Faenza huko Italia ambavyo ni kitu tofauti kabisa, Wamisri wenyewe waliita tjehenet, kitu kinachong'aa.

Hiyo magadi ni magadi haya haya ya kwetu?

Jamii moja. Wao walikuwa wanaitoa Wadi el-Natrun, bonde la maziwa ya chumvi kaskazini magharibi mwa Cairo, ndiyo hiyo hiyo natroni waliyokaushia maiti. Ziwa Natron la Tanzania limepewa jina kwa sababu ya chumvi hiyo, na jirani yake Ziwa Magadi la Kenya wanachimba magadi mpaka leo na kiwandani yanaenda kutengeneza kioo pia. Kazi yake kwenye fayansi ni ile ile: kushusha joto la kuyeyusha silika. Bila magadi au majivu ungehitaji moto wa zaidi ya nyuzi 1700, na hakuna aliyekuwa na tanuri la hivyo.

Mbona karibu zote ni bluu au kijani?

Sababu ya shaba. Oksidi ya shaba ndani ya kioo chenye alkali inatoa bluu ile ya angavu, ikiwepo chuma kidogo au mchanganyiko ukibadilika inaelekea kijani. Wangeweza rangi nyingine, manganizi iliwapa zambarau na nyeusi, na kufikia Ufalme Mpya (kama 1550 mpaka 1070 KK) walikuwa na njano, nyekundu, nyeupe, hata bluu nzito ya kobalti. Lakini bluu na kijani ndo walikuwa wanazitaka. Ni rangi ya feruzi waliyoifuata Sinai kwenye machimbo ya Serabit el-Khadim, ni rangi ya lapisi lazuli, jiwe la bluu nzito lililokuwa linatoka Badakhshan, Afghanistan huko, ni rangi ya majani yanayoota mafuriko ya Nile yakipungua. Uhai, kwa kifupi. Mwenye hela alivaa lapisi ya kweli. Asiyekuwa nayo alivaa fayansi, na mbele ya miungu ilihesabika sawa.

Nyingine utaziona nyeupe au kahawia chafu. Hizo hazikuzaliwa hivyo, ni unyevu wa ardhini umekula ile ngozi ya kioo na kuondoka na shaba.

Walikuwa wanatengenezaje? Nataka hatua kwa hatua

Hapa ndo napapenda. Kwanza unasaga kwatzi, kazi ya kuchosha na vumbi lake baya kwa mapafu. Unachanganya na magadi, chokaa, na unga wa shaba, inaweza kuwa malakaiti (jiwe la kijani lenye shaba) au kutu la vyuma vya shaba vilivyochakaa (fayansi nyingi za Ufalme Mpya zina bati ndani, dalili kwamba mtu alikwangua shaba nyeusi ya zamani badala ya kununua mpya). Unaweka maji. Sasa unga huu hauna unyumbufu wa udongo, ukiufinyanga unakuwa kama mchanga wa pwani uliolowa, mwanzo unashikana halafu ukiulazimisha unapasuka au unalegea na kubwagika. Ndo maana vitu vingi vya fayansi ni vidogo, na ndo maana walipenda kalibu.

Kalibu ilikuwa kipande cha udongo wa kuchoma, kina shimo lenye umbo la mgongo wa mbawakawa. Unakandamiza unga humo, unatoa, upande wa chini unachora au unagonga muhuri, unatoboa tundu ingali mbichi, unaacha ikauke. Kule Amarna, mji wa farao Akhenaten, mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alipochimba 1891 mpaka 1892 alikusanya makalibu ya fayansi kwa maelfu, ya shanga, ya pete, ya maua, ya miungu. Kijana mmoja wa miaka 17 aliyekuwa anajifunza kazi kwake msimu ule alikuwa Howard Carter, yule yule aliyekuja kufukua kaburi la Tutankhamun.

Halafu uchawi wa kemia. Wakati inakauka maji yanatoka ndani kwenda nje na yanabeba ile chumvi ya magadi pamoja na shaba, yanaiacha juu kama ukoko mweupe. Ukichoma kwa nyuzi 800 mpaka 1000 hivi ule ukoko unayeyuka pamoja na kwatzi na kuwa kioo. Yaani kitu kimejipaka glezi (hiyo ngozi ya kioo) chenyewe, hakuna aliyeshika brashi. Ukigeuza kipande cha namna hii mara nyingine utaona sehemu kavu isiyong'aa, ni pale kilipokuwa kimekaa wakati wa kukauka, hewa haikupita, chumvi haikutoka.

Ipo njia ya pili, ya kufukia. Unachukua shanga iliyokauka, unaizika ndani ya unga wa chokaa, majivu na shaba, unachoma chombo kizima. Unga hauyeyuki lakini unaishambulia shanga na kuiachia glezi pande zote, baada ya hapo unauvunja unga na kutoa shanga. Njia hii watafiti walikuja kuikuta miaka ya 1960 inatumika bado mjini Qom, Iran, mafundi wanatengeneza shanga za bluu za kuvisha punda dhidi ya jicho baya. Na ya tatu ni ya kawaida, kupaka uji wa glezi au kuchovya.

Kwa hiyo skarabu zote ni za fayansi?

Hapana, tena nyingi sio. Skarabu nyingi za zamani, hasa zile zilizoandikwa vizuri, ni jiwe la sabuni, jina ambalo ukilitaja Kenya kila mtu anafikiria Kisii. Ni laini, kisu kinachonga herufi ndogo ndogo bila shida, halafu unapaka glezi na kuchoma, jiwe linakuwa gumu kabisa kwa ule moto na linang'aa bluu au kijani kama fayansi. Ndo maana watu wanachanganya. Ukiona zimepasuka, fayansi ndani ina chenga chenga nyeupe za mchanga, jiwe ndani ni laini na limeshikana. Zipo pia za amethisti, akiki nyekundu, yaspi, dhahabu, kioo. Fayansi ilishika kasi zaidi Ufalme Mpya kwenda mbele kwa sababu rahisi: jiwe unachonga moja moja, kalibu moja inakupa mia.

Zilianza lini?

Fayansi yenyewe ni kongwe sana, shanga zake zipo kabla hata hakujawa na farao, na piramidi ya ngazi ya Djoser pale Saqqara, kama mwaka 2650 KK, chini yake vyumba vilipambwa vigae vya fayansi kwa maelfu. Skarabu zilikuja baadaye, kuelekea mwaka 2200 KK na baada ya hapo. Mwanzo zilikuwa za ovyo ovyo, chini zina mistari na maumbo tu. Ufalme wa Kati, kuanzia kama 2000 KK, ndo zikapamba moto, na ziliendelea mpaka zama za Wagiriki ambapo zikafifia.

Si ni vitu vya maiti hivi? Mbona watu wanavaa?

Hapa ndo naombeni mnisikilize. Kwa sababu tunazikuta makaburini tumejiaminisha kwamba zilitengenezwa kwa ajili ya kaburi. Kaburi ndo sehemu pekee ambapo kitu kidogo kama kile kinatulia miaka 3500 bila kuguswa, basi. Skarabu ilikuwa ya mtu mzima anayetembea, mwanamke sokoni, mtoto, karani, askari. Nyingi zina tundu lililolika kwa uzi, mgongo umechakaa kwa kuguswa, mtu kaivaa miaka na miaka halafu akafa nayo kidoleni.

Na Ufalme wa Kati ilikuwa kifaa cha kazi. Chini ya skarabu kuna jina na cheo cha ofisa, mathalani mtunza hazina fulani, naye anaigandamiza kwenye donge la udongo mbichi lililofunga kamba ya mlango, ya sanduku, ya barua ya mafunjo. Ukifungua kamba muhuri unavunjika, kila mtu anajua. Kwenye ngome za Misri kule Nubia (Sudan ya leo), Uronarti na Buhen kwa mfano, wamekuta madonge haya ya udongo yenye alama za mihuri kwa wingi sana, takataka za ofisi tu, na toka kwenye hizo takataka wataalamu wanajua nani alifungua ghala gani. Mimi naona hayo madonge yana habari nyingi kuliko dhahabu ya makaburini.

Skarabu ya moyo ndio ipi basi?

Hiyo ndiyo ya maiti, na ni aina yake tofauti. Kubwa zaidi, sentimita kadhaa, inatakiwa iwe jiwe la kijani ingawa za fayansi zipo pia. Inawekwa kifuani mwa maiti. Chini imeandikwa kile wataalamu wanachokiita sura ya 30B ya Kitabu cha Wafu, ambayo marehemu anauomba moyo wake mwenyewe, ule alioupata kwa mama yake, usisimame kuwa shahidi dhidi yake. Kwa maana moyo ungewekwa kwenye mizani upande mmoja na unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli, upande wa pili, na pembeni zimwi Ammit amekaa, kichwa cha mamba, mbele simba, nyuma kiboko, anasubiri. Moyo ukiongea ukweli wote umekwisha. Hivyo wanaupigia magoti mapema usije ukasema kila kitu. Moja maarufu ni ya Hatnefer, mama yake Senenmut yule mtu mkubwa wa Hatshepsut, farao mwanamke, iko makumbusho ya Metropolitan, New York.

Na zile zenye mabawa makubwa pembeni?

Hizo ni za baadaye, zinaonekana sana kuanzia nasaba (ukoo wa mafarao) ya 25, karne ya 8 KK. Karibu zote fayansi. Mwili kipande kimoja, mabawa mawili vipande vyake, vyote vina vitobo pembeni kwa ajili ya kushonewa kwenye wavu wa shanga unaofunika maiti, pamoja na vijisanamu vya wana wanne wa Horus, miungu walinzi wa maiti. Ukiona skarabu ina vitobo vidogo kwenye ukingo badala ya tundu moja la katikati, hiyo haikuvaliwa na mtu hai.

Chini pameandikwa nini?

Inategemea. Majina ya wafalme. Jina la Amun-Ra, wakati mwingine limefichwa kwa alama zinazosomeka kwa mafumbo. Alama za bahati, ankh ya uhai, nefer ya uzuri, jicho la Horus, nyoka wa kifalme, samaki, mamba, simba. Baadhi ya zile za kabla ya Ufalme Mpya zina mizunguko ya kamba kamba tu, mapambo matupu. Nyingine ni salamu za mwaka mpya, "mwaka mpya mwema" pamoja na jina la mungu, kitu cha kumpa mtu zawadi mafuriko ya Nile yakianza. Na nyingi mno zina herufi zisizoleta maana yoyote, fundi hajui kusoma na mteja wake hajui kusoma, maandishi yanaonekana kama maandishi, biashara inaendelea. Wakati wa Wahiksosi, watawala wenye asili ya Asia walioshika kaskazini mwa Misri kabla ya Ufalme Mpya, zilitengenezwa nyingi za hivi, na huko Palestina zimekutwa kibao.

Yangu ina jina la Thutmose III, kwa hiyo ni ya wakati wake?

Usikimbilie. Jina lake la kiti cha enzi, Menkheperre, lina alama tatu tu: duara la jua, ubao wa mchezo, na mbawakawa. Fupi, zuri, lina mbawakawa ndani, na mwenye jina alikuwa mpiganaji asiyeshindwa. Likageuka hirizi lenyewe. Alitawala 1479 mpaka 1425 KK lakini watu waliendelea kutengeneza skarabu za jina lake karibu miaka elfu baada ya kufa kwake. Kwa hiyo mtaalamu haangalii jina peke yake, anaangalia umbo la kichwa, mistari ya mgongoni, miguu imechongwaje, kama kuna vile vipembe vidogo vya V mabegani ambavyo vinakuja sana Ufalme Mpya, na zaidi ya yote, ilikutwa wapi na nini. Ikitolewa shimoni bila rekodi, nusu ya habari yake imeshapotea.

Nimesikia farao alitumia skarabu kutangaza habari zake, kweli?

Kweli, Amenhotep III, kama 1390 mpaka 1352 KK. Zile ni kubwa, nyingine zinafika sentimita kumi, jiwe la sabuni lenye glezi, na zimebaki zaidi ya 200 duniani. Alizitoa kwa habari tano. Ndoa yake na Tiye, ambapo anataja waziwazi wazazi wake Yuya na Thuya, watu ambao hawakuwa ukoo wa kifalme, na kuongeza kwamba huyu ndiye mke wa mfalme mwenye nguvu, kama kwamba anamjibu mtu. Uwindaji wa mafahali pori. Simba 102 aliowaua kwa mishale yake mwenyewe katika miaka kumi ya kwanza. Kuwasili kwa Gilukhepa, binti wa mfalme wa Mitanni (dola ya kale kaskazini mwa Syria), akiwa na wanawake 317 wa msafara wake (pole Tiye). Na ziwa alilomchimbia Tiye mwaka wa 11 wa utawala.

Mbona zinafukuliwa mpaka Italia na Cyprus?

Biashara. Mfano ninaoupenda ni Naukratis, mji wa Wagiriki kwenye delta ya Nile. Petrie alipochimba pale 1884 mpaka 1885 alikuta kiwanda cha skarabu kizima, makalibu na bidhaa zilizobaki, cha mwanzoni mwa karne ya 6 KK. Fayansi ya bei rahisi, na michoro inayomfurahisha mteja wa ng'ambo asiyejua hieroglifu hata moja. Zilisambaa Rhodes, Cyprus, Carthage, Sardinia, kwa Waetruski (watu wa kale wa Italia), na huko mara kwa mara zinakutwa makaburi ya watoto na wanawake, maana waliamini hirizi ya Misri ni kali. Na karne nyingi kabla ya hapo, meli iliyozama Uluburun pwani ya Uturuki kama 1300 KK ilikuwa na skarabu ya dhahabu yenye jina la Nefertiti.

Wakushi, watu wa Sudan ya kale, nao walitumia?

Sana, na hawakuwa wateja tu. Kerma huko Sudan walikuwa na ufundi wao wa fayansi kabla Misri haijawateka, walipaka glezi mpaka mawe ya kwatzi mazima. Halafu nasaba ya 25 ndio Wakushi wenyewe wanakaa kiti cha farao, Shabaka akatoa skarabu yake kubwa ya kumbukumbu kwa mtindo wa Amenhotep III, iko Toronto sasa. Wafalme hao walizikwa nyumbani, el-Kurru na Nuri. Anayekuambia skarabu ni habari ya Misri tu mwambie apande Nile kidogo.

Kwenye filamu zinaingia mwilini mwa mtu na kumla, vipi?

Mbawakawa anakula mavi. Nyama yako haimhusu.

Rafiki kaniletea moja toka Cairo, ni og?

Nakujibu bila kuiona: hapana. Zinazouzwa soko la Khan el-Khalili huko Cairo na Luxor ni kumbukumbu za watalii, na hakuna ubaya, mafundi wa Qurna ng'ambo ya Luxor wamekuwa wakizichonga tangu karne ya 19 na baadhi ni wazuri hatari. Ipo hadithi maarufu kwamba walikuwa wanalisha bata mzinga skarabu mpya ili zitoke na sura ya uzee. Ukitaka kuangalia, dalili za bandia ni hizi: tundu limenyooka na upana ni ule ule mwanzo mwisho, hiyo ni drili. Rangi imekaa sawasawa kila sehemu bila doa. Vumbi limegandishwa kwa gundi mifereji tu, palipoinuka pasafi. Herufi zimegeuka au zimechanganywa (ingawa hata za kweli zipo hivyo, nimeshasema). Na duka la pili lina pacha wake.

Naweza kununua ya kweli kihalali?

Misri hapana. Sheria namba 117 ya mwaka 1983 ilifuta biashara ya mambo ya kale kabisa, kutoka nayo uwanja wa ndege ni kesi, na marekebisho ya baadaye yameongeza makali. Nje ya Misri zipo minadani, zile zilizotoka zamani na zina karatasi za kuthibitisha ziliondoka lini. Bila karatasi, jua kuna mtu kachimba usiku. Watu wanashangaa kwamba skarabu ya fayansi ya kawaida yenye karatasi sio ghali sana, sababu ilikuwa bidhaa ya wengi toka mwanzo, na mimi bado nasema iacheni. Bei ndogo ndo inayofanya mtu avuruge kaburi zima kutafuta kumi.

Mimi Muislamu / Mkristo, nikivaa ni shirki?

Hilo muulize shehe wako au mchungaji, sio mimi. Ninachoweza kusema ni kwamba aliyeivaa zamani aliivaa kama hirizi hasa, kwa kutegemea nguvu iliyomo, sawa na anayefunga hirizi mkononi hapa kwetu Pwani. Sio pambo lililokuja kupewa maana na watalii. Ukivaa ile ya plastiki ya dukani unavaa pambo. Nia yako unaijua wewe.

Nimerithi ya babu, niioshe?

Usiiloweke. Fayansi ndani ina vitundu, inanyonya maji, na chumvi za ardhini zilizomo zinayeyuka, zikikauka zinakua kuwa fuwele na kubandua ngozi ya kioo. Brashi laini kavu inatosha. Usipake mafuta, usiivae bafuni, usiunganishe iliyovunjika kwa gundi ya fundi viatu. Iweke pakavu, na kama una barua au risiti ya zamani inayoihusu itunze kuliko skarabu yenyewe.

Wapi nizione?

Cairo, makumbusho ya Tahrir na lile jipya la Giza. London kuna British Museum, lakini nenda na Petrie Museum, ndogo, imejaa fayansi mpaka makalibu yenyewe. Ukifika Karnak iko skarabu kubwa ya mawe ya Amenhotep III pembeni ya ziwa takatifu, watalii wanaizunguka wakiomba bahati. Makumbusho mengi yanalaza skarabu mgongo juu, so tafuta kama wameweka kioo chini au picha ya upande bapa, bila hivyo umeona nusu.

Naweza kutengeneza fayansi mwenyewe?

Inawezekana, wasanii wa kauri wanafanya, na malighafi nyingi unazipata. Unga wa silika, sodiamu kabonati, chokaa, kaboneti ya shaba asilimia mbili tatu. Vaa barakoa ya maana, vumbi la silika linaharibu mapafu kabisa, sio utani. Fanya kitu kidogo, shanga kwanza kabla ya mbawakawa. Kikishaanza kutoa ukoko mweupe usikishike, kila unapogusa glezi haitatokea. Tanuri ni lazima lifike nyuzi 900 na kitu, kwa hiyo oveni ya jikoni sahau, inaishia 250, tafuta mfinyanzi au chuo chenye tanuri la umeme na umwambie mapema kuna chumvi ndani, maana ikivuka pembeni inaharibu rafu zake na hatokuruhusu tena. Na vyombo ulivyochanganyia shaba usirudishe kabatini, viandike na viweke mbali na vya kulia.